Naomba ushauri: spishi ni nini hasa?

Wakuu, naandaa somo la baiolojia na nimekwama kwenye maana ya spishi. Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr alisema ni makundi ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao, yaliyotengana kiuzazi na makundi mengine. Kwa farasi na punda inakaa vizuri, maana nyumbu wanayemzaa kwa kawaida ni tasa. Lakini mbwamwitu wa Amerika Kaskazini akipandana na koyote (mnyama mwingine wa jamii ya mbwa), watoto wao huweza kuzaa! Bakteria nao hujigawa tu, bila kupandana. Na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale), nani atajua walizaliana na nani? Wengine hutazama umbo, wengine nasaba kupitia DNA. Binafsi naona hakuna kigezo kimoja kinachotosha, ila naogopa kuwachanganya wanafunzi. Waliowahi kufundisha hili, mlianzia wapi?