MJADALA: Modeli ya kutabiri visima vibovu ichaguliwe kwa asilimia zake, au kwa kusomeka na mhandisi wa wilaya?

MLETA MADA

Wakuu, habari za leo. Naleta hoja inayowahusu wachambuzi wa data, lakini inamhusu zaidi kila anayeamka alfajiri kwenda kuchota maji. Serikali ikiamua kutumia kompyuta kupanga vituo gani vya maji vijijini vipelekewe mafundi kwanza, ichague algoriti, yaani kanuni ya kompyuta ya kukokotoa utabiri, kwa kigezo kipi? Ichukue ile yenye usahihi mkubwa kuliko zote, au ile ambayo mhandisi wa maji wa wilaya anaweza kuisoma mwenyewe na kuibishia?

Mfano tunao, na ni wa kwetu. Data za vituo vya maji vya Tanzania kutoka Wizara ya Maji na jukwaa la Taarifa, zilizokusanywa kwa sehemu kubwa kati ya 2011 na 2013, ziliwekwa kwenye mashindano ya wazi ya DrivenData, tovuti ya mashindano ya uchambuzi wa data. Leo wanafunzi wa nchi nyingi wanajifunzia fani hii kwa visima vya Iringa na Kigoma. Vituo 59,400 vimetolewa pamoja na majibu yake: 32,259 vinafanya kazi, 22,824 havifanyi kazi, na 4,317 vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo. Vingine 14,850 majibu yake yamefichwa, na hivyo ndivyo mshindani anatakiwa kutabiri. Kila kituo kina maelezo karibu 40: bonde la maji, wilaya, aina ya pampu, mfadhili, aliyejenga, mwaka wa ujenzi, wananchi wanalipiaje maji, maji yanatosha au la.

Ukisema tu "vyote vinafanya kazi" unapata asilimia 54 bila kugusa kompyuta. Regresheni ya lojistiki, yaani hesabu inayompa kila kigezo uzito wake na kuvijumlisha, inakufikisha 70 na kitu. Mti wa maamuzi ni mfululizo wa maswali yanayogawa vituo hatua kwa hatua mpaka jibu; msitu wa miti hiyo, yaani mamia ya miti inayopiga kura kwa mtindo aliouandika Leo Breiman mwaka 2001, unafika karibu 81. Walio kileleni wako kwenye 82 na ushei. Wengi wao wanachanganya modeli kadhaa, ikiwemo XGBoost, ambayo kila mti mpya unajengwa kurekebisha makosa ya iliyotangulia.

Msimamo wangu ni huu: kwa kazi ya umma kama hii tuchukue mti mmoja mfupi, au regresheni yenye vigezo vichache, hata kama tunapoteza pointi kadhaa. Vuta picha mhandisi amesimama mbele ya baraza la madiwani. Diwani anauliza kwa nini kata yake imewekwa mwisho. Kwa mti mfupi jibu lipo: vituo vyenu ni vya mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu, vimejengwa karibuni, kamati inakusanya michango. Kwa msitu wa miti 500, jibu la mhandisi ni kwamba kompyuta imesema.

Halafu tazameni data zenyewe. Zaidi ya vituo 20,000 vina mwaka wa ujenzi ulioandikwa sifuri. Vituo 1,812 vina longitudo sifuri, maana yake kwenye ramani vimeangukia baharini, Ghuba ya Guinea. Mtu anayegombania nusu pointi juu ya data zenye mashimo ya namna hii, mimi siamini kwamba anapima visima. Mwanatakwimu David Hand aliliandika hili mwaka 2006: sehemu kubwa ya faida hupatikana kwa modeli nyepesi, na nyongeza ndogo za modeli nzito humezwa na mambo ambayo data za majaribio hazikuyabeba. Naomba kuwasilisha.

MCHAMBUZI WA DATA, ARUSHA

Mkuu, nakuheshimu ila hapa napinga kabisa. Umezisema hizo "pointi kadhaa" kana kwamba ni chenji. Kutoka kama 75 za modeli nyepesi kwenda 81 za msitu ni pointi sita. Sita kwa mia ya vituo 59,400 ni zaidi ya vituo 3,500. Kila kimoja kina watu wanaokitegemea, na wewe unakubali vitabiriwe vibaya ili mhandisi asipate taabu barazani?

Na hili la msitu kushinda halikuanzia kwenye visima. Mwaka 2014 Fernández-Delgado na wenzake walipima algoriti 179 juu ya seti 121 za data, na familia ya msitu ikatoka ya kwanza. Mwaka 2022 Grinsztajn na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye data za majedwali za ukubwa wa kati, modeli za miti bado zinaipita mitandao ya neva, ile teknolojia ya akili mnemba ambayo kila mtu anaishangilia. Jedwali la visima ni data za aina hiyohiyo.

Ukiuliza kwa nini msitu unaizidi regresheni, angalia mserereko wenyewe. Zaidi ya vituo 26,000 humu ni vya mserereko. Kwenye miteremko ya bonde la Pangani mserereko una maana moja, sehemu tambarare una maana nyingine, na umri wa mradi unabadilisha yote mawili. Regresheni ya kawaida inajumlisha kila kigezo peke yake. Haioni kwamba viwili vikikutana mambo yanageuka, mpaka wewe mwenyewe uiambie. Mti mfupi unaona, lakini unaishiwa matawi mapema.

MLETA MADA

Pointi sita ni nyingi, hilo nalikubali. Lakini nani amesema kila mara modeli nzito inazileta? Kule Marekani mahakama zilikuwa zinatumia programu ya COMPAS kukadiria nani atarudia kosa. Programu hiyo ina uwezo wa kutumia mambo 137 kuhusu mtu. Mwaka 2018 Dressel na Farid wakachukua vigezo viwili tu, umri na idadi ya makosa ya nyuma, wakaviweka kwenye modeli nyepesi ya mstari, na usahihi ukawa ule ule.

MCHAMBUZI WA DATA, ARUSHA

Huo ni mfano wa mahali ambapo uzito haukuleta kitu. Hapa umeleta. Ukitaka kunitoa kwenye hoja, nionyeshe mti wako mfupi ukifika 81 kwenye visima hivi hivi.

FUNDI PAMPU, SINGIDA

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kompyuta, kazi yangu ni pampu za mkono. Nimesoma mara mbili hapo juu, na kundi ambalo mimi ndilo naishi nalo limetajwa mara moja likaachwa. Lile la vituo 4,317 vinavyotoa maji lakini vinahitaji matengenezo.

Pampu iliyokufa kila mtu anaijua. Kijiji kizima kinapiga simu, mwenyekiti anapiga simu, hakuna haja ya kutabiri. Ile inayotoa maji kwa kusuasua ndiyo yenye faida ukiifikia. Mpira wa pistoni umelika, mama anapampu mara arobaini ndipo maji yatokee, na watu wanaendelea kuvumilia. Ukifika wakati huo unabadilisha mpira na kuondoka. Ukichelewa, fimbo inakatika na kuzama kisimani, na sasa unahitaji watu, vifaa na fedha ambazo kamati haina. Basi naomba kujua: huo msitu wa asilimia 81 unazikamata ngapi katika pampu zangu hizi? Na mti mfupi je?

MCHAMBUZI WA DATA, ARUSHA

Fundi, swali lako ni zito. Msitu ukitumika kama ulivyo, unakamata chini ya nusu ya kundi hilo. Nyingi unaziita nzima. Mti mfupi uko hoi zaidi. Mara nyingi hautamki kabisa neno "matengenezo".

MWALIMU WA TAKWIMU, MOROGORO

Na sababu ni kipimo chenyewe. Mashindano yanahesabu majibu sahihi kwa ujumla wake, na kundi la fundi ni kama asilimia 7 tu. Modeli inaweza kulisahau kundi hilo moja kwa moja na bado ikawa na nafasi ya kufikia 92. Hakuna anayeadhibiwa kwa kumsahau fundi. Kwa hiyo ninyi wawili mnabishania algoriti, wakati kilichoamua matokeo ni rula iliyotumika kupimia. Tukiiambia modeli kwamba kukosa pampu moja inayosuasua ni hasara kubwa kuliko kwenda bure kwenye pampu nzima, msitu ule ule na mti ule ule vitatoa majibu tofauti. Asilimia ya jumla itashuka, na mimi nitafurahi ishuke.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Humo kuna safu ya wingi wa maji, na moja ya majibu yake ni "pakavu". Vituo zaidi ya 6,000 vimeandikwa hivyo, na karibu vyote ni vya kundi la visivyofanya kazi. Bila shaka! Mkusanya data alifika, akaona hakuna maji, akajaza safu zote mbili siku hiyo hiyo. Modeli haijatabiri chochote hapo. Siku ya kazi halisi, ukiwa ofisini Dodoma unataka kujua hali ya kisima cha Mpanda, hiyo safu hutakuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyeenda kuangalia. Iondoeni kwanza, ndipo mniletee hizo 81.

La tatu ni ramani. Vituo vya mafunzo, vile vyenye majibu, na vya majaribio, vile vilivyofichwa majibu, vimechanganywa kwenye ramani, kwa hiyo kituo unachotabiri kina majirani zake kwenye data za mafunzo, pengine wa mradi ule ule na bomba lile lile. Msitu ukipewa latitudo na longitudo unakariri mtaa: hapa majirani wamekufa, basi na huyu amekufa. Hii si dhambi kama unajaza mapengo katika wilaya ambayo tayari umeitembelea. Lakini kama unataka kutabiri wilaya ambayo haijapimwa, au mwaka ambao haujafika, jaribio la haki ni kuficha wilaya nzima. Naamini hapo pengo kati ya msitu na regresheni litapungua, maana sehemu ya ubora wa msitu ni kumbukumbu ya mahali.

MCHAMBUZI WA DATA, ARUSHA

Mwalimu, hoja ya "pakavu" naipokea. Hoja ya wilaya naipokea nusu. Kazi halisi ya wilaya nyingi ni hiyo hiyo ya kujaza mapengo. Una rekodi za zamani, una taarifa za vijiji jirani, unataka kujua kilichotokea katikati. Kwa nini niikataze modeli kutumia ujirani wakati ujirani ni habari ya kweli? Miradi ya bomba moja hufa pamoja.

MDAU, NAIROBI

Salamu kutoka huku. Nataka kugusa safu mbili ambazo hamjazijadili, mfadhili na mjenzi. Modeli nzito itazitumia sana, kwa sababu kweli zinasaidia kubashiri. Lakini hebu fikirieni orodha ikitoka ikisema vituo vya eneo fulani vina uwezekano mkubwa wa kufa. Kuna atakayepeleka fundi. Kuna mwingine atakayesema fedha zisipotee huko, tujenge kwingine. Namba ni ile ile, na uamuzi umegeuka kinyume. Kwenye mikopo ya simu huku tumelijua hili vizuri: alama yako ikiwa chini hujui sababu, na hujui urekebishe nini. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutotawaliwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale uamuzi huo unapomgusa kwa uzito.

MCHAMBUZI WA DATA, ARUSHA

Sheria hiyo inamlinda mtu. Kisima si mtu.

MDAU, NAIROBI

Wanaokinywea ni watu. Na kijiji kilichowekwa mwisho wa orodha hakina hata pa kukata rufaa.

FUNDI PAMPU, SINGIDA

Niongeze moja kabla sijatoka. Hizi hesabu zenu zinapima vituo vyote kwa pamoja, elfu hamsini na kitu. Hakuna wilaya inayoweza kuvifikia vyote. Kuna pikipiki, kuna mafuta ya kuomba, kuna mvua inayokata barabara. Mimi nikipewa orodha, nitakifikia cha kwanza, cha pili, labda mpaka cha kumi kwa mwezi. Kilichokaa namba 300 hata mkikosea hakinihusu mwezi huu. Basi pimeni hizo kumi za juu. Katika kumi hizo, nikifika, ngapi nitakuta kweli zinasuasua?

MLETA MADA

Fundi, hicho ndicho kigezo nilichokuwa natafuta na sikukiona kwenye mashindano. Na swali la Mchambuzi kuhusu mti wangu kufika 81 silikimbii: haufiki. Ila sasa 81 yenyewe imeshatolewa maswali matatu, na hakuna anayejua itakuwa ngapi baada ya kuyajibu.

Nashauri hivi, na Mchambuzi akikubali tuifanye wazi humu humu, data ziko huru kwa kila mtu. Tuondoe safu ya wingi wa maji. Tufiche Mkoa wa Singida wote. Kila mmoja alete modeli yake kwa kila wilaya ya mkoa huo, atoe vituo kumi vya juu anavyodhani vinahitaji matengenezo, na tuhesabu vilivyo vya kweli. Msitu ukinizidi kwa kimoja au viwili, bado nitasimama na mti mfupi, kwa sababu mhandisi ataweza kuutetea na kijiji kitaweza kuupinga. Ukinizidi kwa vitano katika kumi, nitaupigia debe msitu mbele ya baraza lolote, ila kwa sharti la Mdau wa Nairobi: orodha itumike kupeleka fundi tu, isiguse bajeti ya kujenga miradi mipya.

MCHAMBUZI WA DATA, ARUSHA

Nakubali, ila na regresheni iwemo, na Mwalimu ndiye ashike majibu ya Singida, si wewe wala mimi. Halafu latitudo na longitudo naziacha kwenye modeli yangu. Kama mnadhani zitaniangusha kwenye mkoa usiojulikana, acheni ziniangushe.

MWALIMU WA TAKWIMU, MOROGORO

Nitayashika. Leteni orodha pamoja na programu mlizotumia, ili mtu wa tatu aweze kuzirudia.