Wageni 14 lupangoni (nyumbani kwetu), Bonane (Mwaka Mpya) bado, na moyo wangu hauna shukrani hata kijiko. Naomba ushauri

MamaWaKatuba · 28 Desemba, saa 5 usiku

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika nikiwa jikoni kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu amelala.

Tunakaa Katuba hapa Lubumbashi, Kongo, mimi na mume wangu na watoto 4. Vyumba 3 na sebule. Tangu tarehe 23 tuna wageni 14. Mama mkwe alifika na basi la Likasi pamoja na wajukuu 5. Shemeji na mke wake na watoto wao 4 wametoka Kolwezi. Halafu kuna vijana wawili ambao mpaka leo sijajua ni ndugu wa upande gani. Nikiwauliza wanajibu "tuko wa hapa hapa kwetu, mama" na wanaongeza mboga. Wote wamesema wanabaki mpaka tarehe 4 Januari ipite, siku ya mashahidi wa uhuru, maana basi za kabla ya hapo zinajaa.

Maji ya bomba kwetu yanatoka usiku tu. Saa 9 usiku niko nje na tochi ya simu najaza mabido (madumu ya maji). Umeme wa mwezi huu ni wa kuchaji simu ukipata bahati, kwa hiyo tunapika kwa makala (makaa), na makala yenyewe mvua imeyalowesha. Moshi wake unauma macho kama pilipili. Bukari (ugali) ya watu 20 mara mbili kwa siku, msidhani ni mchezo. Ukifika katikati ya kusonga, sufuria inazunguka na mwiko, inabidi uikanyage kwa mguu kwenye mpini huku umeweka kitambaa, na bega linakufa ganzi.

Sasa yaliyonileta. Siku ya Noël tulichinja kuku 4. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba, hilo kila mtu analijua. Niliziweka kwenye kisahani, nikafunika, nikaenda kutoa sombe (kisamvu) motoni. Narudi, mtoto wangu wa mwisho, miaka 6, amesimama pale anatafuna huku ananitazama machoni. Mama mkwe akasema mbele ya watu wote: "Huku mjini hata firigisi haina mwenyewe." Wakacheka. Nami nikacheka. Nikatoka nyuma ya nyumba chini ya mwembe, nikalia.

Sikumaliza hata kulia, nikaitwa. Niende niombee chakula, si mimi ndiye mama wa Kipendano, kikundi cha wamama kanisani? Nikasimama nikasema "Asante Bwana kwa familia hii uliyoikusanya." Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

Paulo anasema tushukuru kwa kila jambo. Je, mimi kila mezani namdanganya Mungu? Na tarehe 31, ibada ya kufunga mwaka, nimepangiwa kutoa ushuhuda wa shukrani mbele ya kanisa lote. Nitasema nini?

Tafadhali msiniletee habari ya Marta na Mariamu, yule aliyehangaika na kazi na yule aliyekaa kusikiliza. Nimeshaletewa, na aliyeniletea alikuwa amekaa anangoja sahani.

---

Dada_wa_Kampemba

"Anatafuna huku ananitazama machoni." Yaya (dada yangu), nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Pole sana lakini. Huyo mwana atakuwa mwanasheria.

---

MkristoWaJumatatu

Mama, tuanze na Paulo kwa sababu naona ndiye anayekunyima usingizi kuliko maji.

Andiko ni 1 Wathesalonike 5:18. Kiswahili kinasema "shukuruni kwa kila jambo", na sikio letu linachukua "kwa ajili ya kila jambo", kama vile ukiungua kidole useme asante kwa kuungua. Kigiriki chake ni *en panti*, yaani ndani ya kila jambo, ukiwa katikati yake. Hujaagizwa kumshukuru Mungu kwa moshi wa makala mabichi. Umeagizwa usiache kumshukuru hata ukiwa ndani ya moshi. Ni vitu viwili, na tofauti yake ndiyo pumzi unayoitafuta.

Halafu kuna Petro. Barua yake ya kwanza, 4:9, anasema tukaribishane "pasipo kunung'unika". Jiulize kwa nini aliongeza maneno hayo. Wakristo wa wakati ule walikutana nyumbani kwa watu, na wahubiri waliosafiri walilala nyumbani kwa watu. Wenye nyumba walichoka, wakanung'unika, ndiyo maana akaandika. Basi wewe si wa kwanza.

Tena angalia Zaburi. Nyingi zinaanza kwa kulalamika waziwazi, "hata lini, Ee Bwana". Lalamiko lililopelekwa kwa Mungu ni sala. Lile linalopitia ukutani kwenda kwa jirani ndilo Petro analiogopa. Pale chini ya mwembe ulikuwa unasali, ingawa hukujua. Sala ya mezani ndiyo ilikuwa haijakufikia bado.

---

Mpitanjia

Mimi nitasema tofauti. Mwaka huu lupango letu liko kimya. Tumezika mama mwezi wa 8. Siku ya Noël nilipika kikombe kimoja cha mchele na hakikwisha. Mshukuru Mungu, dada, una watu wa kukuchosha. Wengine tungelipa ili tuchoshwe.

---

MkristoWaJumatatu

Mpitanjia, pole sana, Mungu awafariji. Lakini niruhusu neno moja, si kwa ubishi. Yule Farisayo wa Luka 18 naye alitoa shukrani, tena kwa sauti: asante kwa kuwa mimi si kama watu wengine. Shukrani ya kujilinganisha na aliyekosa ina mtego wake. Leo mama huyu akishukuru kwa sababu wewe umefiwa, kilio chako kimegeuka kipimo cha furaha yake. Sidhani unataka hivyo.

---

Mpitanjia

Sitaki hivyo. Umenigusa, na nimekaa na simu mkononi kama nusu saa.

Niseme vizuri zaidi basi. Mwaka jana Noël mimi pia nilikuwa nimekasirika. Mama alinigombeza mbele ya wageni kwa ajili ya chumvi, nikamnunia siku mbili. Mama wa Katuba, simaanishi huna haki ya kuchoka. Nilichoka na nilikuwa na haki. Sasa napika chumvi kidogo kama alivyotaka na hakuna wa kuniambia kama imefika. Nilitaka kukuambia hilo tu, nikakosea mlango.

---

MamaWaKatuba

Mpitanjia, mlango huu wako. Pole, mpenzi. Nimekusoma mara tatu.

---

BabaWaWatano

Mimi ni mwanaume, nisemee upande wetu kidogo. Wakati wa sikukuu mume anaonekana amekaa na wageni anakunywa kinywaji, kumbe kichwani anapiga hesabu ya mwezi wa kwanza, kodi ya nyumba, minerval (ada ya shule) ya watoto. Mwaka juzi nilichukua avansi ya mshahara bila kumwambia mke wangu, ili wageni wasione tumeishiwa. Januari tulikula matembele na bukari mpaka watoto wakayaimbia wimbo. Je, mumeo anajua kwamba unaamka saa 9?

---

MamaWaKatuba

Anajua. Nikiamka anageukia upande wa pili.

---

BabaWaWatano

Mh. Basi naondoa utetezi wangu.

---

FundiMbabula

Ya mbinguni wenzangu wameyamaliza, mimi ni wa mbabula (jiko la makala). Makala yaliyolowa usiyalazimishe. Jua likitoka hata saa moja, yatandaze juu ya bati, usiku yaingize ndani karibu na mbabula iliyokuwa inawaka (isiwe inawaka bado chumbani wanapolala watu, hewa ya makala inaua bila kunuka, hilo msicheze nalo). Maharage loweka jioni, utapunguza makala karibu nusu. Wale vijana wawili wa "hapa hapa kwetu" wape mabido. Mtu anayeongeza mboga ana mikono.

Na unga. Shemeji mtu mzima anayetoka Kolwezi na familia, siku ya sita bado anakula unga wa kaka yake? Wazee walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyo mmechelewa naye, mpeni mfuko.

---

Nkambo_Kipushi

Wanangu, nimesoma yote bila miwani, mnisamehe nikikosea.

Wewe mwanangu wa Katuba, mama mkwe wako huko Likasi anafanya nini? Najua bila kuambiwa. Anapika, anagawa, anafunga funguo za stoo kiunoni. Kwako umemweka wapi? Kwenye kiti cha plastiki barazani, umempa maji ya kunawa na neno "pumzika mama". Umefanya heshima, sikulaumu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mtu mzima aliyekalishwa bila kazi, macho yake yanakuwa ndiyo kazi. Ataona firigisi, ataona vumbi, ataona chumvi.

Soma Kutoka sura ya 18. Aliyeona kwamba Musa anajiua kwa kazi hakuwa nabii wala malaika. Alikuwa Yethro, mkwe wake, tena alikuwa mgeni, amekuja kuwatembelea na mke na watoto wa Musa. Kesho yake tu akakaa akamtazama toka asubuhi hadi jioni, akamwambia jambo hili unalofanya si jema, litakulemea, huwezi peke yako. Mgeni ndiye aliyegawa kazi! Na Musa hakununa. Sisi wamama tunataka wakwe zetu watuone jinsi tunavyoweza, halafu tunalia kwamba hawatuoni tulivyochoka.

Mimi nilimficha mama mkwe uchovu wangu miaka 11. Alikufa akiamini mimi ni mashine.

Siku ya Bonane mpe kisu. Usiseme "nisaidie", hiyo atakataa kwa heshima. Mwambie, "Mama, kuku hawa wagawe wewe, mimi sijui desturi kama wewe." Uone.

Na kanisani usitoe ushuhuda mkubwa. Tafuta kitu kimoja ambacho ni kweli, hata kama ni kidogo kama punje ya ulezi. Kiseme, ukae.

---

Dada_wa_Kampemba

Nkambo, mimi sina hata mume na nimeandika yote kwenye daftari.

---

MamaWaKatuba · 29 Desemba

"Alikufa akiamini mimi ni mashine." Nimelisoma hilo nikiwa na mwiko mkononi, bukari ikaanza kuungua.

Naona aibu kusema, lakini kumpa kisu kunaniuma. Jikoni ndipo mahali pekee pangu. Nikimpa jikoni, ninabaki na nini?

---

Nkambo_Kipushi

Kiti cha plastiki. Ukae, miguu inyooke.

---

MamaWaKatuba · 2 Januari, saa 4 asubuhi (nimekaa!)

Nimerudi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kwanza mume. Nilimwambia usiku wa tarehe 29, bila kupiga kelele, saa 9 tunaamka wawili. Aliamka. Hakufurahi, lakini alishika tochi, na kumbe mwanaume akishika tochi vijana wawili nao wanaona haya kulala. Mabido 12 kwa nusu saa. Shemeji aliambiwa na kaka yake mambo ya unga. Walikwenda wote sokoni Kenya (kwa wa mbali, Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi, hatukupanda ndege) wakarudi na mfuko na samaki tomson wa kukaanga.

Usiku wa tarehe 30 mtu wa tano alitoka nje. Mama mkwe. Akasema wazee hawalali, wanangoja tu kuche. Akakaa kwenye bido lililopinduliwa, akajifunga kitenge mabegani. Hakunisaidia kitu, alikaa tu, bomba linatiririka. Akanieleza jinsi mume wangu alivyozaliwa usiku wa mvua kama hii, na jinsi mama mkwe wake yeye alivyokuwa anaonja mboga na kuitema. "Aliitema mbele yangu," akasema, "miaka mitatu." Nikamuuliza mwaka wa nne? Akasema mwaka wa nne alikosa meno. Tulicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Kanisani nilisimama nikasema hivi: nashukuru kwa maji ya saa 9 usiku na kwa mtu aliyekaa nami pembeni ya bido. Nikakaa. Mchungaji alikuwa anangoja niendelee. Mama mkwe alikuwa benchi la tatu, alikuwa anatafuta kitu kwenye pochi muda mrefu sana.

Bonane nikampa kisu na kuku 5. Neno la kwanza: "Kisu hiki hakikati hata siagi." La pili: kitunguu nilichokata ni kikubwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, Nkambo, nikaacha lipite. Firigisi alizikata kila moja vipande, ya kwanza akampa mwanawe kama desturi. Halafu akamwita yule mwizi wa miaka 6, akamwekea kipande kinywani mwenyewe: "Ukitaka, unaomba." Kingine akaniletea mimi kwenye kisahani, bila neno, akarudi jikoni kwake. Ndiyo, nimeandika kwake.

Bado nimechoka. Bado ni siku mbili na bukari nne. Leo asubuhi nilimfokea mtoto kwa kumwaga chai. Lakini sala ya mezani jana niliisikia kwa sauti yangu.

Jambo la mwisho. Wale vijana wawili. Jana jioni mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Kamina kunitakia Bonane, na kabla hajakata akauliza kama wana wa mjomba walifika salama, mbona hatujamwambia kitu tangu tarehe 23.