Naomba ushauri: mdogo wangu ana OCD, anaambiwa ajaribu bangi

Habarini ndugu zangu, naomba mawazo maana nimekwama. Mdogo wangu wa kiume ana duka hapa Tabora mjini, ana ile OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania na kurudiarudia jambo bila kuweza kujizuia, akifunga duka anafika njia panda anageuza kwenda kulivuta kufuli tena, analivuta mpaka vidole vinachubuka na anajua kabisa limefungwa, hiyo ndo inamuumiza zaidi. Maombi tumefanya, mama kampeleka mpaka kwa mganga (mie sikutaka ila ndo mama), sasa hivi yuko kwenye vidonge vya fluoxetine, daktari kasema kwa OCD inaweza kuchukua hadi wiki 12 ndo ionekane ila yeye ashakata tamaa.

Sasa kuna rafiki yake kamjaza maneno eti Marekani wanatibu kwa bangi. Nimesomasoma, nimeona utafiti wa New York wa 2020, watu 14 tu, bangi haikupunguza dalili kuzidi ile feki isiyo na kilevi, tena walipovuta feki ndo wasiwasi ulishuka zaidi! Na hapa kwetu ukikutwa nayo ni kesi, hata useme ni dawa. Nimemwambia, hanielewi.

Naomba kujua, kuna mwenye ndugu wa OCD aliyechanganya bangi na hizi dawa, ilikuwaje? Na yale matibabu ya kuongea na mtaalamu, ya kumzoesha asirudierudie, hapa Tabora yapo au mpaka hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma?