Mchango wa Karanga

*Dada Mwanaidi ameunda kikundi*
*Dada Mwanaidi amebadilisha jina la kikundi kuwa "Mchango wa Karanga"*

20:14 Dada Mwanaidi: Athumani, asante kwa kuufuta ule ujumbe kule kwa ukoo. Kule kuna watu 63, nusu yao wajomba na vijana. Kifua cha mtoto si tangazo la msiba.

20:15 Athumani: Nisamehe dada. Nilishikwa na hofu, sikuangalia naandika wapi.

20:15 Mishi: Mimi niliuwahi 🙈 Na Rama aliuwahi, kashaanza "tuhesabu mahari". Nimemfuata faragha. Hatarudia.

20:16 Athumani: Sasa karanga za nini?

20:16 Dada Mwanaidi: Nasra anachezea simu yako. Akiona "Mambo ya Nasra" si atafungua? Karanga hazimhusu.

20:19 Athumani: Haya. Ni hivi. Tangu Jumatatu analalamika mkanda wa begi la shule ukimgusa kifuani anaumia. Leo kaniambia kuna kitu kigumu kama punje ya mbaazi, upande wa kushoto tu. Nimekaa kazini mchana kutwa nawaza saratani. Na mama yake yuko Muscat.

20:20 Dada Mwanaidi: Ana miaka mingapi kamili?

20:20 Athumani: Kumi na miezi minne.

20:22 Dada Mwanaidi: Basi pumua. Hivyo ndivyo matiti yanavyoanza. Huanza upande mmoja, wa pili ukafuata hata baada ya miezi kadhaa. Na kuuma kunauma. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13. Angekuwa hajafika 8 ningekwambia mlete zahanati. Pakiwa pekundu, pa moto, au akipata homa, mlete pia. Vinginevyo mtoto anakua.

20:23 Athumani: Alhamdulillah. Kwa hiyo na damu ni wiki ijayo??

20:23 Mishi: 😂😂 Kaka!

20:25 Dada Mwanaidi: Huwa ni kama miaka miwili au zaidi kidogo baada ya kifua kuanza. Una nafasi, ila usiilalie. Kabla yake ataona ute mweupe kwenye chupi, miezi kadhaa. Si uchafu, asifokewe. Na atarefuka kwa pupa, kwa hiyo viatu vya shule vya mwakani usinunue sasa.

20:27 Mishi: Na jasho. Mimi mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa zima akasema nanuka kikwapa. Darasa la tano. Nyumbani hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba jasho linabadilika. Kaka, mpe sabuni yake na kitu cha kupaka kwapani kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

20:31 Mama: 🎤 2:41

20:32 Wifi Salma: Shikamoo mama. Jamani niandikieni, niko jikoni, bosi yuko macho, siwezi kusikiliza sauti.

20:37 Mishi: Mama anasema marahaba. Anasema mambo ya mwali hayaingiliwi na mwanamume, baba hata akijua hujifanya hajui. Nasra apelekwe Pangani likizo hii, atamtafutia somo, afundwe.

20:38 Dada Mwanaidi: Mama, hajavunja ungo. Ana miaka kumi.

20:41 Mama: 🎤 1:58

20:46 Mishi: Anasema ndiyo maana anataka mapema. Yeye alivunja ungo hajaambiwa kitu. Alikuwa akiokota nazi, akadhani kajikata na kifuu. Akajificha banda la mbuzi mpaka magharibi. Somo wake alikuja baadaye, akamwambia "sasa usicheze na wavulana", basi. Hakujua usicheze nini. Akaacha hata kucheza bao na kaka yake.

20:46 Mishi: Hii sikuwahi kuisikia maisha yangu yote.

20:48 Dada Mwanaidi: Mama, pole. Basi mwenyewe umeshajibu. Huyu aambiwe kabla, na aambiwe kitu kinachoeleweka.

20:52 Wifi Salma: Mama, naomba asiende Pangani kwa sasa, anasoma. Ijumaa napumzika, nitaongea naye kwa video mimi mwenyewe. Lakini Baba Nasra, usimwache mpaka Ijumaa akidhani anaumwa. Mwambie leo.

20:53 Athumani: Mimi? Naona haya.

20:54 Wifi Salma: Nilipopasuliwa ulimfulia nepi wiki sita. Haya imekuja lini?

20:54 Mishi: 🔥

20:58 Dada Mwanaidi: Maneno machache tu, usimhutubie. Mwambie si ugonjwa, mwili unakua, mama na shangazi zake walianzia hapo hapo. Siku akiona damu asiogope wala asijifiche, akwambie wewe au anipigie mimi, saa yoyote. Na mwili ni wake. Mtu yeyote akimshika au akimtania kifua, awe ndugu, mwalimu au bodaboda, aje kukwambia, na wewe umwamini.

21:00 Athumani: Sawa. Na ninunue nini?

21:04 Mishi: Usinunue, utaleta sidiria ya bi harusi. Natuma na basi la asubuhi: singlendi nne za pamba, laini, zisimbane. Na pedi pakiti mbili, akae nazo azizoee. Moja iwe kwenye begi la shule pamoja na chupi ya akiba.

21:07 Dada Mwanaidi: Wakati ukifika, pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Mkitumia za kufua, maji baridi na sabuni, kisha zianikwe juani. Sio kuficha mbichi chini ya godoro kama tulivyofanya sisi, tukawashwa tukanyamaza. Na mwanzoni siku zake zitarukaruka, pengine mwaka mzima au zaidi, msishtuke.

21:08 Dada Mwanaidi: Athumani, ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi alichanjwa? Tangu 2024 wanachanja wasichana kuanzia miaka 9, dozi moja tu.

21:09 Athumani: Karatasi ililetwa kutoka shule. Sikuisaini. Watu walisema inafunga kizazi.

21:10 Dada Mwanaidi: Watu gani? Mimi wa kwangu nimemchanja. Hakuna kizazi kinachofungwa. Uliza zahanati ya hapo mtaani kwenu wiki hii.

21:10 Athumani: Nimesikia dada.

21:12 Athumani: Haya naenda.

21:30 Mishi: Kaka?

21:44 Wifi Salma: Baba Nasra?

21:51 Athumani: Nimemwambia. Tulikuwa tunaosha vyombo, kila mtu anatazama sahani yake. Nilipomaliza kanyamaza, kisha kauliza: "Kwa hiyo sifi?" Kumbe na yeye alikuwa halali.

21:51 Wifi Salma: 😭

21:53 Athumani: Halafu kaniuliza hizo karanga ni za nani, ameona simu inalia usiku kucha. Nimemwambia za shangazi zake.

21:53 Mishi: 😂😂😂

21:54 Athumani: Na kauliza kama bado anaruhusiwa kucheza rede na kina Juma pale nje. Sikujua nimjibu nini.

21:56 Mama: 🎤 0:04

21:57 Mishi: "Acheze. Mwambie bibi yake kasema acheze."

22:20 Wifi Salma: Hii nimeisikiliza mwenyewe.