Mama na dada wanakuja Mtama katikati ya muhula: niwapokee vipi bila kuliacha darasa?

Mwalimu wa kujitolea, Mtama

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Mimi ni Mkenya, kwetu ni Voi, na tangu Januari ninafundisha hisabati na fizikia kwa kujitolea katika sekondari moja ya kata upande wa Mtama, mkoani Lindi, njia ya kwenda Masasi. Mama yangu mzazi, mama mdogo na dada yangu, ambaye naye ni mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani, wameamua kuja kunitazama mwezi wa Agosti kwa siku kumi. Wamechagua Agosti kwa sababu ndipo shule za Kenya zinapofungwa, lakini hapa kwetu (nimeshaanza kusema "kwetu") muhula wa pili unakuwa umefunguliwa tangu Julai, na kidato cha nne wanahesabu majuma yaliyobaki kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Mada mbili sijazimaliza, na mwalimu mwingine wa fizikia hatuna.

Nyumba ninayokaa ni ya shule, ina vyumba viwili, na kimoja ni cha mwalimu mwenzangu. Maji tunanunua kwa dumu. Mama hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Ameshikilia kwamba nimekonda, na picha ninazomtumia anasema ni za zamani. Siwezi kumwambia asije, wala siwezi kuwaambia wanafunzi kwamba tutaonana baada ya siku kumi. Nilifikiria kumwomba dada aniingilie vipindi vitatu vinne ili mimi niwapeleke wazee Kilwa. Waliowahi kupokea wageni wa nyumbani wakiwa kazini ugenini, mlifanyaje?

Mama wa Mikindani

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupata wageni. Walimu wa kujitolea waliopita nyumbani kwangu ni wengi kiasi cha kuniruhusu kusema bila woga: usiwalaze wote kwenye nyumba ya shule. Tatizo si ufinyu tu. Mwalimu mwenzako hatakwambia kwamba amechoka. Ataanza kuchelewa kurudi jioni, na wewe utakuja kulitambua hilo wageni wakishaondoka. Zungumza na jirani mwenye chumba kilicho wazi, mpe chochote, nunua chandarua kipya na pipa la maji, na pipa hilo lijae kabla hawajashuka garini, maana wanawake watatu wanaooga asubuhi na jioni watayamaliza madumu yako ya wiki kwa siku mbili.

Halafu ujue kwamba Agosti bado watu wanapulizia mikorosho. Hutoka alfajiri, kabla upepo haujaamka, na salfa ya kuzuia ubwiri unga huelea juu ya mashamba kama ukungu wa manjano, hadi shuka iliyosahauliwa kambani usiku hunuka. Ikiwa mmoja wa wazee hao ana pumu, atafutiwe chumba kilicho mbali na mikorosho, na dawa zake aje nazo mwenyewe.

Lingine ni la ulimi. Nimekaa Mombasa miaka minne na ninawapenda Wakenya, lakini dada yako akiingia dukani akasema "nipe sukari", muuzaji atampa, kisha atamsimulia kila atakayekuja nyuma yake. Mzoeze kusema "naomba" kabla hajavuka mpaka pale Holili. Kuhusu kumwachia vipindi sioni ubaya: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa majembe yenyewe mwezi huo yamepumzika, mpe chaki.

Mwalimu mstaafu, Nachingwea

Mama wa Mikindani amesema vizuri kuhusu pipa na chandarua. Mimi nataka kuzungumzia jambo ambalo haliletwi na sanduku, nalo ni ahadi.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkuu wa shule moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na kijana wa Uingereza aliyejitolea kufundisha Kiingereza. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye kusahihisha madaftari yote usiku uleule. Baba yake akaja kumtembelea kwa wiki moja. Asubuhi ya mwisho tukamsimamisha mstarini awasalimie watoto, kama ilivyo desturi, na mzee wa watu, machozi yakimlengalenga, akasema kwamba akifika kwao atatafuta mabati ya madarasa mawili. Hakuwa mwongo. Nadhani alipofika kwao alikuta maisha yake yanamngoja, kama yanavyotungoja sote. Lakini kijana alibaki nasi miezi minane zaidi, na katika miezi hiyo hakuna mzazi aliyemuuliza tena maendeleo ya mtoto wake. Kila aliyemsalimia alimuuliza mabati yamefika wapi. Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa akija kila Jumatatu, kanzu imepigwa pasi, anakaa chini ya mwembe ulioelekea ofisini bila kusema neno, saa nne anaondoka. Kijana akawa anapitia mlango wa nyuma kwenda darasani.

Kwa hiyo kabla ya kuwaonyesha shule, waketishe watu wako uwaeleze kwamba wao wanaondoka na wewe unabaki, na kila neno watakalolitamka litakudai wewe. Usidhani kwamba kwa kuwa ni Waafrika wenzetu hilo halitawahusu, kwani mgeni aliyevuka mpaka kwa nauli yake huhesabiwa kuwa anazo. Wakileta mpira, kalamu au madaftari, vikabidhiwe kwa mkuu wa shule na viandikwe kwenye leja siku hiyohiyo. Wasimpe mwanafunzi mmoja mmoja mkononi, hata yule anayewaletea maji kila asubuhi, kwa sababu huyo ndiye atakayeonewa kijicho watakapoondoka. Picha za wanafunzi wasipige bila mkuu kuridhia. Na wakisikia ngoma za unyago usiku, wasikilize wakiwa kitandani. Mama mdogo asichukue simu kwenda kurekodi.

Kuhusu darasa, mwandikie mkuu wa shule sasa hivi, si Agosti. Omba Ijumaa moja na Jumatatu inayofuata, na umwonyeshe kwa maandishi ni lini utafidia vipindi hivyo. Siku zinazobaki fundisha kama kawaida. Mama aliyepanda mabasi siku mbili kuja kuona kama mwanawe amekonda anataka kumwona akirudi nyumbani mchana na chaki mikononi, na sidhani kama Kilwa yote ingempa furaha hiyo.

Mwandishi wa vibali

Naomba nipingane kwa heshima na Mama wa Mikindani katika jambo moja. Dada asishike chaki hata kwa kipindi kimoja. Mwenye kujitolea hapa nchini huwa na kibali cha ukaazi daraja C, nawe bila shaka unacho. Dada yako ataingia kama mgeni wa matembezi, na kufundisha, hata bila malipo, ni kazi. Wema wake unaweza kukuponza wewe na mkuu wako wa shule pamoja.

Mengine ni mepesi. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini waje na pasipoti, wasitegemee kitambulisho, na kila mmoja abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wakifika, wapeleke siku ya kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji wakajitambulishe. Dar es Salaam wapande basi la Masasi, ambalo litawashusha Mtama penyewe. Wakilikosa na kupanda la Mtwara, washuke Mnazi Mmoja pale Mingoyo, njia zinapoachana, wewe uwe umeshafika kuwangojea.

Nahodha wa Masoko

Kilwa si safari ya kwenda na kurudi siku moja ukitokea Mtama na wazee. Lala Kilwa Masoko, chukua kibali cha kuingia magofuni mapema, na vuka asubuhi. Umbali hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe, ni mfupi, kama kilomita mbili, lakini Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, na kufikia adhuhuri bahari inakuwa imeshachafuka kiasi cha kumfanya mtu wa Voi aanze kusali kwa sauti. Msikiti Mkuu uko karibu na mnaposhukia. Husuni Kubwa, gofu la jumba la masultani, iko mbali kidogo na ina mwinuko, hivyo muulize mama kuhusu magoti yake kabla ya kulipa mtembezaji.

Mwalimu wa kujitolea, Mtama

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Barua nimeipeleka jana, na mkuu ameniruhusu Ijumaa na Jumatatu kwa sharti kwamba vipindi vinne nivifidie jioni, jambo ambalo wanafunzi wamelipokea kwa miguno. Chumba nimekipata kwa mama mmoja anayeuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, barabarani. Hataki fedha, anataka dada amfundishe kupika chapati za Kikenya, na natumaini kwamba hiyo haihitaji kibali.

Dada ameudhika kidogo kuhusu vipindi, kisha akaelewa. Habari ya mabati nimemsomea mama kwenye simu neno kwa neno. Akanyamaza, halafu akauliza kama kilo mbili za majani ya chai kwa ajili ya chumba cha walimu nazo zitaandikwa kwenye leja. Nimemjibu kwamba zitaandikwa. Sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba maziwa ya ng'ombe huku ni ya kutafuta, na kwamba chai hiyo tutainywa ya rangi.