Svalbard kwa meli ndogo, pasi ya Tanzania: visa, mavazi, goti la mama. Naomba mwongozo

Mwambao_Tanga

Habari zenu wakuu. Mimi na mama (miaka 64, goti la kushoto linamsumbua kwenye ngazi) tumeshikiwa nafasi kwenye meli ya abiria 50 hivi, siku kumi kuzunguka visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norwe, mwishoni mwa Julai. Inaanzia Longyearbyen na kuishia hapohapo. Wakala katuambia mambo matatu tu: Svalbard haina visa, njooni na makoti mazito, na dubu mweupe mtamwona kwa karibu. Malipo ya mwisho ni baada ya wiki tatu. Kabla sijatoa hela, naomba mnieleze kipi cha kweli hapo na kipi cha kuongezea.

PasiMkononi

Mkuu, hilo la visa ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaacha watu Oslo na mabegi yao.

Svalbard iko chini ya Norwe kwa mkataba wa 1920, lakini iko nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), na ukiwa kule kwenyewe hakuna anayekudai visa. Tatizo ni njia. Ndege za abiria za kwenda Longyearbyen zinatoka Oslo au Tromsø, na hapo ni ndani ya Schengen. Kwa hiyo unaingia Schengen mara ya kwanza ukishuka Oslo, unatoka ukipanda ndege ya Svalbard, halafu unaingia mara ya pili ukirudi. Ukiwa na visa ya kuingia mara moja, utafika Svalbard vizuri kabisa, kasheshe ni kurudi. Stika ya visa ina sehemu ya idadi ya kuingia: lazima isomeke 02 au MULT (mara nyingi). Ikisomeka 01, irudisheni siku hiyohiyo mkiwa bado nyumbani.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo msisubiri dakika za mwisho. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Kwenye barua ya maombi andika waziwazi: tunaingia Oslo tarehe fulani, tunatoka kwenda Longyearbyen tarehe fulani, tunarudi Oslo tarehe fulani, hivyo tunaomba kuingia mara mbili. Ambatanisha uthibitisho wa meli wenye jina la meli na tarehe za kupanda na kushuka. Ombeni pia siku chache za ziada mwishoni, maana ukungu ukifunga uwanja wa Longyearbyen ndege hazijali tarehe ya visa yako.

Sasa bima, ambayo wengi huipita haraka. Visa inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na kampuni za bima kwetu huuza karatasi iliyoandikwa "Schengen". Soma kipengele cha eneo! Kama bima inahusu nchi za Schengen tu, siku zenu kumi za melini ziko nje yake. Ombeni ya dunia nzima, au iliyotaja Svalbard kwa jina, na iwe na kipengele cha kusafirishwa mgonjwa kwa helikopta na ndege. Longyearbyen ina hospitali ndogo. Hospitali kubwa ya karibu iko Tromsø, karibu kilomita 1,000. Kiasi cha chini cha bima ya kusafirishwa huwa kimo kwenye masharti ya kampuni ya meli, kaangalieni huko.

Mwisho, fikeni Longyearbyen siku moja kabla ya kupanda, mbili zikiwezekana. Begi likibaki njiani kuna muda wa kulisubiri. Meli haisubiri begi.

Kwa watakaosoma baadaye: safari za Svalbard zinazoendelea hadi Grinlandi ni habari nyingine. Visa ya Schengen haifanyi kazi Grinlandi mpaka iwe imeandikwa kwamba inaruhusu huko.

Omo_na_Tezi

Nimchukue huyo dubu wa wakala.

Tangu 1 Januari 2025 sheria za Svalbard zinataka kila mtu akae umbali wa mita 300 au zaidi kutoka kwa dubu, na kati ya 1 Machi na 30 Juni ni mita 500. Julai yenu ni 300, yaani kama viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Kwa macho matupu, dubu kwa umbali huo ni alama ya rangi ya samli juu ya jiwe. Akiwaelekea ninyi, meli ndiyo inayorudi nyuma. Kwa hiyo darubini ni muhimu kuliko koti la pili, na kila mtu awe na yake, maana ya kushirikiana huwa mkononi mwa mwingine dubu anapogeuka. 8x42 (inayokuza mara nane) inatosha. 10x kwenye meli inayotikisika inachosha macho. Kwa kamera, lenzi isiyofika milimita 400 itakupa picha ya mazingira yenye dubu ndani yake. Droni iacheni nyumbani, kwenye maeneo ya hifadhi hairuhusiwi, na hifadhi ndiyo sehemu kubwa ya safari yenu.

Sheria hizohizo zimeweka abiria wasiozidi 200 kwa meli inayoingia maeneo ya hifadhi, na humo meli hushusha watu kwenye sehemu 43 tu zilizotajwa. Meli yenu ya watu 50 iko pazuri: watu wote wanashuka kwa zamu moja au mbili, foleni ni fupi, mnakaa nchi kavu muda mrefu.

Lakini msiishike ramani ya wakala kama ratiba ya basi. Kukizunguka Spitsbergen, kisiwa kikubwa cha Svalbard, chote kunategemea barafu kwenye mlangobahari wa Hinlopen na kaskazini yake. Mwishoni mwa Julai mara nyingi njia inafunguka, ila upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili unaweza kuisukuma barafu ikaziba tena. Meli nazo haziruhusiwi kuvunja barafu iliyoshikana na pwani. Kiongozi wa msafara atabadilisha mpango jioni kwa ajili ya kesho yake, na kesho asubuhi ataubadilisha tena. Kinachofuta kushuka mara nyingi zaidi si baridi, ni ukungu: waongozaji hutangulia ufukoni na bunduki na bastola za fataki kuhakikisha hakuna dubu, na wasipoona mbali hawashushi mtu. Hapo hakuna wa kulalamikiwa.

Vya kuombea: Alkefjellet ndani ya Hinlopen, ukuta wa mawe wenye makumi ya maelfu ya ndege weusi kwa weupe wanaotaga kwenye vijukwaa vya jabali visivyo na kiota. Boti ndogo hupita chini yake polepole (kofia lazima, mtanielewa mkifika). Mwisho wa Julai vifaranga huruka baharini kabla hawajajua kupaa, na mbweha wanawangoja chini. Kingine ni barafuto (mto wa barafu) la Monaco katika hori la Liefdefjorden. Likimeguka, sauti inafika baada ya kipande kuanguka, na wimbi baada ya sauti. Ndiyo maana boti hukaa mbali na uso wake, na ndiyo maana mkiambiwa kaeni, mkae.

Kama chumba cha kulala hakijachaguliwa, chukueni cha chini katikati ya meli. Meli ikienda mrama, vya juu na vya omo (mbele ya meli) ndivyo vinavyorusha watu. Hasara yake ni kwamba bahari ikichafuka dirisha la duara hufunikwa kwa chuma.

BintiSufu

Mavazi. Makoti mazito siyo jibu. Julai kule joto ni nyuzi 3 hadi 8 hivi, wala si baridi ya kutisha, mtu aliyelala kambi ya Horombo, Kilimanjaro, anaijua. Kinachoumiza ni upepo na maji ukiwa umekaa botini saa nzima bila kusogea.

Ndani kabisa vaeni sufu laini au nguo za michezo zisizo za pamba, juu na chini. Pamba ikilowa jasho haikauki, na ndiyo inayowatetemesha wengi. Juu yake fulana nzito ya manyoya bandia, kisha jaketi lisilopitisha maji lenye kofia. Jaketi la manyoya ya bata ni zuri likiwa kavu, likilowa halina kazi. Meli nyingi hutoa jaketi na gambuti bure au kwa kukodi, ulizeni mapema. Suruali isiyopitisha maji huwa hawatoi, na bila hiyo haushuki botini. Isiwe ya kubana, maana inavaliwa juu ya suruali nyingine na miguu yake inakaa NJE ya gambuti. Ukiichomeka ndani, wimbi moja na buti limejaa.

Gambuti liwe la kufika chini ya goti, namba moja zaidi ya yako ili soksi mbili ziingie bila kubana. Likibana, damu haitembei na vidole vinakufa ganzi hata na soksi kumi. Glavu pea mbili kwa kila mtu: nyembamba za kushikia kamera, na nene za juu zisizopitisha maji. Na pea ya akiba, kwa sababu glavu ndiyo kitu kinachoangukia baharini kuliko vyote.

Msinunue vipya vyote. Maduka ya kukodisha vifaa vya Kilimanjaro pale Moshi na Arusha yana suruali na majaketi hayo, na kwenye mitumba ukivizia yanapofunguliwa marobota ya nguo za baridi utapata suruali za kuteleza thelujini kwa bei ya kanga. Jaribuni bafuni: mwaga kikombe cha maji kwenye goti la suruali, subiri dakika tano. Mshono ukilowa ndani, iache. Na msafishe kila kitu kabla ya safari, mifuko na ile mikanda ya kunata hasa. Melini watakagua na kufyonza mbegu na udongo, na gambuti huoshwa kwenye beseni la dawa kabla na baada ya kila kushuka, ili msipeleke magugu wala mafua ya ndege.

Betri mbili za kamera, moja ikae kifuani. Ukirudi ndani, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia kwenye joto, uifungue baada ya saa moja. La sivyo ukungu unaingia kwenye lenzi.

Mwambao_Tanga

Nimewaelewa sana, na wakala nimeshampigia. Stika yetu sasa tutaiomba ya mara mbili. Yamebaki mawili: goti la mama kwenye hizo boti, na sala. Jua halizami, sasa Maghrib na Isha tunazipata wapi?

Omo_na_Tezi

Goti kwanza. Boti ni za mpira, watu kumi hivi kila moja. Mnashuka ngazi ya ubavuni mikono ikiwa mitupu, begi mgongoni. Baharia anakushika mkono na wewe unamshika, kiganja chako kwenye kigasha chake (chini ya kiwiko) na chake kwenye chako, si kiganja kwa kiganja, kwa sababu vidole vilivyolowa huponyoka. Boti ikiinuka na wimbi ndipo unapovuka. Ukivuka inaposhuka, unaanguka nayo. Mguu kwenye mpira, mguu sakafuni, unakaa palepale, kisha unajiburuza mpaka nafasi yako.

Ufukoni boti inaelekeza omo nchi kavu. Mama ajiburuze mpaka mbele, ageuke akiwa amekaa, azungushe miguu kuelekea tezi (nyuma ya boti), kisha ashuke kwenye maji ya chini ya goti. Hakuna kuruka. Bendeji ya goti ivaliwe chini ya suruali kabla ya kutoka chumbani, na aje na fimbo ya kutembelea. Kwa kawaida watu hugawanywa makundi kwa mwendo, na kundi la polepole lipo kila mara. Mwambieni kiongozi siku ya kwanza, si siku goti limevimba. Akichoka hawezi kurudi peke yake wala kubaki nyuma: kila kundi linatembea ndani ya ulinzi wa wenye bunduki.

Asiokote kitu. Chochote kilichoachwa na binadamu kabla ya 1946 ni urithi unaolindwa, hata msumari wenye kutu. Haja zote zimalizwe melini. Na mkirudi, geuzeni kibao chenye namba yenu mlangoni. Asiyegeuza chake huchelewesha meli nzima huku akitafutwa, naye yuko mezani anakunywa chai.

Mkipita Ny-Ålesund, simu ziwekwe hali ya ndege na Wi-Fi na Bluetooth zizimwe. Kuna vyombo vya utafiti, na ukimya wa redio ni kilomita 20 kuzunguka kijiji.

Bahari ndani ya mahori ni tulivu, inapochafuka ni pwani ya magharibi ya wazi. Dawa ya kichefuchefu cha baharini, cinnarizine ya maduka yetu: miligramu 30 saa mbili kabla, kisha 15 kila saa nane. Inaleta usingizi, na kwa umri wa mama aulize mfamasia kama inapatana na dawa zake nyingine. Dawa zake za kila siku chukueni mara mbili ya siku za safari, nusu begi la mkononi.

Ukhti_Pangani

Sala, kaka. Kwa sehemu zisizo na usiku wanazuoni wana kauli mbili mashuhuri: kukadiria kwa mji wa karibu ambao usiku na mchana bado vinatofautika, au kwa saa za Makka. Muulizeni shehe wenu kabla ya kuondoka, mchague moja mshike hiyo, na muiandike ratiba kwenye karatasi. Safarini mna ruhusa ya kukusanya na kupunguza, ambayo inawafaa, kwa kuwa tangazo la "botini baada ya dakika kumi" halina adabu na nyakati.

Kibla kutoka Longyearbyen ni kama nyuzi 153 kutoka kaskazini ya kweli, kati ya kusini na kusini-mashariki, na mkisogea mashariki namba inaongezeka. Msiamini sindano ya dira, huko juu inapotoka. Tena meli ikitia nanga inazunguka na upepo na mkondo, kwa hiyo ukuta uliokuwa kibla Adhuhuri si huo Alasiri. Meli nyingi za aina hii huruhusu abiria kuingia chumba cha usukani: ulizeni mmeelekea nyuzi ngapi, mtoe hesabu.

Chakula cha halali au kisicho na nguruwe kiandikwe kwenye fomu ya kushika nafasi, sasa hivi. Meli ikishaondoka Longyearbyen, hakuna duka mbele.