Mrejesho: gari langu la Malindi lililokuwa likivuja kulanti

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nilikuja kwenu na shida ya gari linalopungukiwa kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na kupanda joto kila nikiendesha Malindi kwenda Kilifi. Ahsanteni sana, mlinijibu kwa moyo.

Nilianza na unga wa kuziba rejeta. Ulinifikisha Gede tu, njiani kwenda Kilifi, matone yakarudi.

Aliyeshauri nipime kwa pampu ya presha, injini ikiwa baridi, ndiye aliyeniokoa. Fundi aliifunga kwenye mdomo wa rejeta, akapiga presha, na maji yakachirizika chini ya wota pampu (pampu inayozungusha kulanti kwenye injini), kwenye kile kitundu kidogo. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: kikitoa maji, ujue sili ya ndani, inayozuia uvujaji, imekufa. Msikizibe jamani! Tulibadilisha wota pampu pamoja na gasketi yake.

Na mzee wangu uliyekataza maji ya kisima, Mungu akubariki. Visima vyetu huku pwani vingi vina chumvi, na rejeta ilikuwa imejaa kutu na magamba. Tumeisafisha, tukajaza kulanti nusu na maji yasiyo na madini nusu, kisha tukatoa hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa kupozea.

Sasa mshale wa joto unatulia katikati hata kwenye foleni. Ila kiwango kwenye chupa ya kulanti bado kinashuka kidogo kidogo. Fundi anashuku hozi ya hita (mpira unaopeleka kulanti kwenye hita ya gari), ambayo imechakaa. Nimeagiza nyingine kutoka Mombasa.